Mafundi wa miguu Goma
Aliyekatwa mguu kwa sababu ya risasi huko Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, akishavuka matope ya barabara ya Sake, mara nyingi huishia Goma. Hapo Shirika la Umoja, kituo cha walemavu kilichosaidiwa kwa miaka na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, fundi humpokea. Hakimbilii vifaa. Anashika kigutu, anakibonyeza, anauliza panapouma, kisha anakizungushia plasta mbichi apate umbo lake. Plastiki hulainishwa kwa moto, huvikwa juu ya umbo hilo, ikipoa huchongwa. Ikikosewa milimita chache tu, ngozi huchubuka na mguu wa bandia wenyewe unatupwa uvunguni.

Miongoni mwa wahudumu wapo waliokatwa viungo wao wenyewe. Mgonjwa anayegoma kusimama katikati ya vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, eti wao hawajui uchungu, huishiwa maneno.

Kazi ya watoto ndiyo haina mwisho. Mtoto hukua, plastiki haikui; kila baada ya miezi sita hivi apimwe upya. Vita vikifunga barabara, atafika amechelewa, anatembea upande, na fundi itabidi amfundishe hatua tangu ya kwanza.