Mateso na Mabadiliko ya Mhusika: Funzo la Karatina

Watahiniwa wengi wakiulizwa jinsi mateso yanavyombadilisha mhusika hujibu kwamba "yamemkomaza", kisha huishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Sharti ionyeshwe ni nini kilichobadilika na ni nini kilichosalia.

Mfano uko karibu. Barabara itokayo Kenol kwenda Nyeri hupitia Karatina, ambako Gakaara wa Wanjaũ aliendesha uchapishaji baada ya kutoka kizuizini. Kabla ya kukamatwa mnamo Oktoba 1952 alikuwa ameandika kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, cha kuwahimiza wenzake. Kizuizini aliandika shajara kwa siri. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka wa 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka wa 1984.

Tuzingatie tofauti iliyopo. Kalamu ni ile ile, ila kazi yake imebadilika: aliyekuwa akihimiza sasa anashuhudia. Anachokithamini zaidi ni kuhifadhi yale ambayo watesi wangependa yasahaulike.

Hata hivyo, tusiyasifu mateso. Hayakumpa kipawa, alikuwa nacho. Isitoshe, manusura wengi walinyamaza, na Mau Mau ilibaki marufuku kisheria hadi mwaka wa 2003. Kimya hicho nacho ni badiliko linalostahili kuhakikiwa.

Zoezi: Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa gerezani. Chagua shairi moja, kisha ueleze ni msimamo upi wa nafsineni uliobadilika na upi uliosalia. Thibitisha kwa mifano.