Bwawa la Golf: shaba ile ing'oke kabla ya mvua

Ile bamba ya shaba lazima ing'oke. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta ninakoelekea. Bwawa la mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, ambalo wengi wetu tulilifuata tangu siku ya kukausha maji ya zamani hadi jioni pampu ilipowashwa, limejengwa upya vizuri karibu kila mahali. Limekosewa sehemu moja tu, pale maji yanapoangukia, na samaki wa bwawa lile wanategemea sehemu hiyo hiyo.

Sifa zake ni hizi. Kina ni mita 1 na sentimita 40, plastiki nzito imelazwa juu ya mchanga uliochekechwa, kisanduku cha kutolea maji kina mbao za kupangwa, pipa la kuchuja lina changarawe ya saizi mbili. Kazi safi, na fundi wa mabomba sina neno naye.

Sasa mdomo wa maporomoko. Mliokuwapo mliona: bamba ya shaba yenye upana wa sentimita 80, imefuliwa kwa nyundo kwa mchoro wa magamba ya samaki, ukingo umekunjwa ili maji yashuke kama pazia bila kukatika. Pembeni, kulia na kushoto, mabonge ya malakiti, jiwe la madini ya shaba, yamejengewa saruji, sura ya kijani ikitazama nje. Mwenye parseli alituambia kwamba mji huu ni mji wa shaba, kwa hiyo maporomoko yake yaseme hivyo. Watu walipiga makofi. Mimi nilipitisha kidole gumba chini ya ukingo, na kilirudi na rangi ya kijani. Pampu ilikuwa haijafikisha hata wiki mbili.

Shaba inamuua samaki kwa njia inayojulikana. Inashika kwenye matamvua, inaharibu pale mwili unapovuta chumvi kutoka majini, na samaki anapoteza chumvi ya damu yake huku akihema. Mrututu, ambao wafugaji wengi wanautumia dhidi ya mwani na vimelea, ni shaba kwa robo ya uzito wake, na ndiyo maana kanuni yake ni kali. Unapima alkalini ya maji kwa miligramu kwa lita, unagawa kwa 100, na jibu ndilo kiasi cha mrututu kwa kila lita. Alkalini ikiwa chini ya 50, huugusi kabisa. Mtu anaupima kwa mizani, anautia mara moja, anasubiri. Malakiti ni shaba kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na pale Golf imewekwa kwa kilo, bila mizani, mahali maji yanapoipitia usiku na mchana.

Nimejibiwa kwamba mabomba ya shaba yanapeleka maji ya kunywa majumbani na hakuna anayekufa. Sisi hatupumui ndani ya maji. Na maji ya bomba hupita mara moja yakaenda. Bwawa hili lina lita 12,000 hivi na pampu inasukuma lita 6,000 kwa saa, maana yake maji yote yanapita juu ya bamba ile kila baada ya saa mbili, mara 12 kwa siku umeme ukiwapo. Jua likikausha sehemu ya maji, shaba haipandi na mvuke. Inabaki, mwenye bwawa anaongeza maji mapya juu yake, na hesabu inazidi kupanda.

Umeme usipokuwapo hali inakuwa mbaya zaidi, na hapa ndipo sikuona mtu akifikiri. Saa za delestaji pampu inasimama. Bamba inabaki na unyevu, hewa na joto la mchana, yaani yote yanayotakiwa ili shaba ifanye kutu yake ya kijani. Umeme ukirudi, maji ya kwanza yanaisafisha kutu ile yote na kuimwaga bwawani kwa mkupuo. Kila delestaji ni dozi. Usiku nao, samaki na mwani wanapopumua, hewa ya kaboni inajaa majini, maji yanaelekea kwenye ukali, na malakiti ambayo mchana ilitulia inaanza kulegea.

Wiki ya tatu maji yaling'aa hadi tukahesabu kokoto za chini. Pongezi zilimiminika. Wenzangu, bwawa lenye tilapia haling'ai namna ile katika mwezi wa jua kali. Mwani ulikuwa unakufa. Nilizunguka ukuta mzima nikitafuta konokono, wale wadogo wa kahawia waliokuja na mayungiyungi, na sikumpata hata mmoja aliyeshika. Waliokuwapo walilala chini, magamba matupu. Konokono ndio wa kwanza kuondoka penye shaba. Zamani mrututu ulitupwa mitoni na madimbwini kuwaua konokono wa kichocho kwa sababu hiyo hiyo. Na wale tilapia waliojipanga chini ya maporomoko alfajiri, ambao watoto walisema wanacheza, walikuwa wanafuata hewa.

Mwaka huu si wa kwanza kuandika hivi. Niliandika walipotaka kuchuja maji kwa mawe meusi ya mlima wa takataka za kuyeyushia, nikaitwa adui wa vitu vya nyumbani. Niliandika juu ya maporomoko yasiyo na tanki la akiba juu yake, tanki la lita mia chache tu la kudondosha maji pampu inapozima, na bado kila bwawa jipya linajengwa bila tanki. Hata hili halina. Nitaendelea kuandika.

Walioweza kazi hii walikuwapo hapa hapa. Mwaka 1949 mji huu, ukiitwa Élisabethville, ulipokea mkutano wa Wabelgiji na Waingereza juu ya ufugaji wa samaki, kwa sababu Katanga ilikuwa mbele katika kufuga tilapia mabwawani. Kituo cha Kipopo kilijulikana mbali kwa kazi ile, na mtafiti De Bont aliandika jinsi Tilapia macrochir na Tilapia melanopleura wanavyozaana mabwawani, mmoja akila mwani mdogo mdogo, mwingine majani. Shule ile ilichimba bwawa bondeni, ikaleta maji kwa mfereji kutoka juu, yakaanguka yenyewe kutoka mdomo wa bomba au ubao, yakapita, yakatoka kwa kisanduku. Hawakuhitaji pampu wala kungoja umeme. Maji yaliyoleta kitu kibaya yalikipeleka pia. Maporomoko yao yalikuwa na urefu wa mkono tu, hakuna aliyeyapiga picha, na samaki waliishi.

Nyuma zaidi yao, wayeyushaji wa shaba wa nchi hii, wale waliotoa misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kwa biashara, walikuwa wanaujua mlima wenye madini kwa kuutazama tu: miti haioti, nyasi fupi zinashika, na yapo maua yanayopenda udongo ule ambao mimea mingine inaukimbia. Wataalamu wanaliita mojawapo Haumaniastrum katangense. Mtu aliyesoma kilima kwa namna ile asingechukua jiwe la kilima kile akaliweka kwenye maji ya kitoweo chake. Na anayetaka ushahidi wa karibu, aende Penga Penga, upande ambao moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba ulielekea kwa miaka mingi, aone udongo ulivyobaki uchi, na jinsi watafiti walivyolazimika kutia chokaa na mboji ili nyasi zikubali.

Chokaa ndiyo neno lenyewe. Jiwe sahihi la maporomoko lilikuwa karibu. Kakontwe, upande wa Likasi, kuna mawe ya chokaa ya kijivu, mazito, yanayopasuka kwa bapa nzuri. Bapa moja pana ingefanya mdomo, nyingine zingepangwa ngazi, na kila tone lingechukua chokaa kidogo kidogo. Alkalini ingepanda, na hata shaba iliyoingia kwa bahati mbaya ingepungukiwa makali. Pazia la maji lingekuwa zuri vile vile. Mafundi wetu wa shaba ninawaheshimu mno, na bamba ile ni kazi ya mkono mzuri sana. Itundikwe ukutani sebuleni, watu waione kila wanapokuja kula bukari.

Haraka yangu inatokana na mabati. Bwawa lilijazwa kiangazi kwa maji ya foraji, yaani ya kisima kirefu, maji magumu, na ugumu huo ndio uliowalinda tilapia hadi leo. Lakini mfereji wa paa umeelekezwa bwawani ili mvua za Novemba zilijaze bure. Katika bwawa lingine ningelisifu wazo hilo. Maji ya mvua hayana chokaa. Kila dhoruba itashusha alkalini, na shaba iliyokwisha kuingia itapata nguvu ambayo haikuwa nayo Septemba. Mwenye parseli ataamka asubuhi ya mvua ya pili au ya tatu akute matumbo meupe juu ya maji, na atailaumu mvua.

Kwa hiyo wiki hii, kabla mawingu hayajakaa: pampu izimwe, bamba ing'olewe, malakiti itolewe yote pamoja na saruji iliyoishika, mfereji wa paa ugeuzwe upande wa bustani. Tilapia wahamishiwe kwenye mapipa ya maji ya foraji. Tope la chini lichotwe, maana shaba inalala humo, na lisimwagwe kwenye mboga za lenga-lenga. Maji yote yabadilishwe, bapa za Kakontwe zipangwe, pampu iwashwe bila samaki. Kisha watiwe konokono kumi kutoka bwawa la jirani. Wakishika ukutani na kuanza kutaga, samaki warudi.