Upanga wa Ncha na Lugha ya Makali

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza masomo Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1963, alipokuwa Rais wa Tanganyika, akatoa Juliasi Kaizari, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka tena baada ya kusahihishwa, na mwaka huo huo ikafuata Mabepari wa Venisi. Waliozihakiki kazi hizi wamesema mengi juu ya mizani ya shairi lisilo na vina, na juu ya neno bepari, ambalo zamani lilikuwa jina la mfanyabiashara tu, na ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibeba lawama nzito. Juu ya silaha zilizomo hayakusemwa mengi. Yamkini zilidhaniwa kuwa vyombo vya jukwaani, sawa na taji na taa. Lakini anayetaka kujua Kiswahili kimefika wapi katika kumpokea Shakespeare, na safari iliyobaki ni ya urefu gani, hana budi kuzifuata panga hizo na kutazama zinafanya kazi gani.

Akizifuata ataona jambo la ajabu kidogo. Katika Juliasi Kaizari hakuna watu wawili wanaoshindana kwa ufundi wa upanga. Kaizari anazingirwa na wenye silaha naye hana. Cassius anamwamuru mtumwa wake amwue kwa upanga ule ule uliomwingia Kaizari. Titinius anajiua kwa upanga wa Cassius. Brutus anamwendea rafiki baada ya rafiki mpaka Strato anakubali kumshikia upanga ili aukimbilie. Vita vipo, na kijana Cato anaanguka humo, lakini ni vita vya jeshi. Katika Mabepari wa Venisi kisu cha Shylock kinanolewa kwenye soli ya kiatu mbele ya baraza zima, na mwishowe hakikati kitu. Makbeth ya S. S. Mushi, iliyotoka mwaka 1968, ina pambano la kweli la watu wawili, lakini ni la watu wa vita na ngao zao. Na katika Tufani, ya mwaka 1969, Ferdinand akishafuta upanga wake mkono unamfa ganzi kwa uchawi wa Prospero. Hivyo wafasiri hawa wawili, kwa sifa zao zote, hawakuguswa na tatizo ambalo lingewakabili siku ile ambayo wangefungua Hamlet au Romeo and Juliet. Tatizo hilo ni upanga uitwao repia.

Repia haikuwa silaha ya askari bali ya raia. Ilienea Italia na Hispania katika karne ya 16, ikavuka bahari hadi Uingereza, ikaning'inia viunoni mwa vijana wa mjini. Chuma chake ni chembamba, kimenyoka, na aghalabu urefu wake hupita mita moja. Uzito wa upanga mzima hukaribia kilo moja au huizidi kidogo. Kipini chake kimezungukwa na vyuma vilivyopindwa kama matawi ili kuulinda mkono. Makali unayo, lakini kazi yake kubwa ni ya ncha.

Hapo ndipo lugha inapoanza kusumbuka. Mtu wa Bunda akisikia neno panga, huona mkononi mwa mkulima chuma kipana kinachofyeka kichaka kabla ya jembe kupita. Thamani ya chombo hicho yote imo katika ukingo wake. Neno upanga, ambalo wingi wake ni panga vile vile, ni ndugu wa damu wa chombo hicho, na vitenzi vinavyoandamana nalo ni vya makali: kukata, kufyeka, kuchanja, kutema, kupasua. Vya ncha ni vichache, na kila kimoja kina shughuli nyingine. Kuchoma kumekwisha kwenda jikoni. Mtazamaji akisikia kwamba mtu amechomwa huenda akafikiri kwanza moto. Kudunga kunakumbusha mwiba na sindano. Kufuma ni kwa mshale na mkuki, na siku hizi kwa fulana za sufu. Wala haifai kulikimbilia neno kitara kwa sababu tu lina sauti ya kikale, maana kamusi za zamani hulieleza kuwa ni upanga wa kupinda, na upanga wa kupinda ni kinyume kabisa cha repia. Pwani walikuwa na upanga wa felegi, mrefu, ulionyoka, wenye makali pande mbili. Huo ni jirani wa karibu zaidi, ingawa nao ulikuwa mpana na ulitumika kukata.

Je, tofauti ya kukata na kudunga ina uzito gani katika mchezo wa kuigiza? Mfano mmoja unatosha. Katika Romeo and Juliet, Romeo anajitia kati ya Mercutio na Tybalt ili awaamue, na Tybalt anapitisha ncha chini ya mkono wa Romeo. Jeraha ni tundu dogo. Mercutio analifanyia mzaha, analipima kwa vitu vipana na virefu kuliko lenyewe, na marafiki zake hawajui kama acheke mtu au alie. Ucheleweshaji huo ndio roho ya tukio: mtu amekwisha kufa naye bado anafanya masihara. Mfasiri akiandika kwamba Mercutio amekatwa, damu inamwagika jukwaani mara moja, marafiki wanaonekana wapumbavu kwa kutoiona, na mzaha hauna pa kusimama. Kitenzi kimoja kinaweza kuliharibu tukio zima.

Kwa hiyo mfasiri wa michezo hii hana njia ila kuwa mwanagenzi wa upanga, hata kama hataushika mkononi. Wanagenzi wa kweli wako. Tangu miaka ya 1990 vimeongezeka, Ulaya na Marekani, vyama vya watu wanaoifufua elimu hii kutoka katika vitabu vya walimu wa kale. Walimu wenyewe walikufa zamani, na hakuna aliyepokea elimu yao mkono kwa mkono. Kilichosalia ni maandishi na picha. Salvator Fabris wa Padua alipiga chapa kitabu chake Copenhagen mwaka 1606, alipokuwa katika utumishi wa mfalme wa Denmark (nchi ya Hamlet, ingawa Shakespeare alikuwa amekwisha kuuandika mchezo wake miaka kadhaa kabla). Ridolfo Capo Ferro alitoa chake Siena mwaka 1610. Anayejifunza leo husoma sentensi, hujaribu kuisimamisha kwa miguu yake, huona kwamba haisimami, hurudi kuisoma tena. Kazi hiyo haina jina jingine ila ufasiri, nayo ina hakimu mkali, kwa kuwa ukiisoma vibaya unadungwa.

Mwanagenzi huja akidhani atafundishwa kupiga. Hupewa kofia ya wavu wa chuma, glavu nene, na upanga butu ambao ncha yake imefunikwa kwa mpira. Kisha huambiwa asimame. Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, na kwa Capo Ferro uzito wote uwe juu ya ule wa nyuma, kana kwamba mwili unataka kuondoka na mkono peke yake unataka kubaki. Baada ya dakika chache paja linatetemeka. Halafu hufundishwa namna nne za kuushika mkono, ambazo Camillo Agrippa alizipa majina ya hesabu tangu mwaka 1553: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa kadiri kiganja kinavyogeuka. Ndipo huja hatua ndefu ya kudunga. Mkono hutangulia kunyooka, mwili ukafuata, mguu ukaja mwisho. Mwanagenzi hufanya kinyume. Hurusha mguu kwanza, kama mtu wa panga anayetafuta nguvu ya kukata, na kabla mkono wake haujafika, ncha ya mwenzake imekwisha kumsubiri kifuani. Capo Ferro aliichora hatua hiyo katika picha yenye herufi, kila herufi ikionyesha kiungo na mahali pake, na wanaojifunza huirudia picha hiyo miezi mingi.

Lakini lililo gumu kuliko yote halionekani katika picha. Sehemu ya upanga iliyo karibu na kipini ina nguvu. Iliyo karibu na ncha ni dhaifu. Anayeweka nguvu yake juu ya udhaifu wa mwenzake amemfungia njia bila kumpiga, na mwenzake hana budi kupitisha ncha yake chini ili atokee upande wa pili. Kitambo hicho kidogo anachopita chini ndicho wakati wa kumdunga. Walimu wa Italia walikijenga karibu mchezo wote juu ya mambo hayo mawili, kipimo cha umbali na kitambo cha wakati. Na mwanagenzi hawezi kuyajua kwa macho, kwa sababu macho huchelewa. Huyajua kwa chuma chenyewe, panga zinapogusana. Mvuvi wa Musoma anayevua kwa mshipi hahitaji kuelezwa habari hii. Samaki hamwoni, mkono wake umemwambia kwamba chambo kimeguswa, na akivuta mapema amepoteza, akichelewa amepoteza pia.

Wala watu wa Mara hawako mbali na ncha kama neno panga linavyofanya waonekane. Wazee wao walishika mkuki na ngao, na repia, ukiitazama vizuri, ni binamu wa mkuki kuliko wa panga. Mfasiri anayetafuta maneno ya pambano la Hamlet atayapata upesi zaidi akimwuliza aliyefundishwa mkuki: kulenga, kufuma, kukinga, kujitenga, kumwingilia mtu. Pwani nako liko ghala jingine. Huko Lamu kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao watu wawili huingia duarani kwa zumari na ngoma, wakatishana na kukingana, mwingine akaingia mahali pa aliyechoka. Fimbo haidungi, ni kweli. Lakini lugha ya zamu, ya umbali na ya kukinga imo humo tayari, nayo ni lugha ya watazamaji pia, si ya mafundi peke yao.

Hata hivyo kuna pahali ambapo neno la kigeni halipaswi kufukuzwa. Mercutio humdhihaki Tybalt kwa kuwa anapigana kwa hesabu ya kitabu na kwa maneno ya Kiitaliano, ambayo masikioni mwa Waingereza wa wakati ule yalikuwa mageni na ya kujigamba. Vincentio Saviolo alikuwa akifundisha London na kupiga chapa kitabu chake mwaka 1595. Mwaka 1599 Mwingereza George Silver akatoa kitabu cha kuwashutumu Waitaliano hao, akidai kwamba repia ni ndefu mno, na kwamba wapiganao nayo huuana wote wawili. Mfasiri akiyageuza maneno ya Mercutio yote kuwa Kiswahili safi, ameiua dhihaka. Hapo yaachwe yalie kigeni. Lakini katika mwisho wa Hamlet, ambapo hakuna anayecheka, maneno hayo hayo yatakuwa uchafu, na lugha ya mkuki na ya fimbo ndiyo iingie.

Kiswahili kimekwisha kuionja repia mara moja katika kichekesho. Mwaka 2012 kundi la Bitter Pill kutoka Kenya liliigiza Wanawake wa Heri wa Windsa, tafsiri ya Joshua Ogutu, katika ukumbi wa Globe mjini London. Ndani ya mchezo huo mna daktari Mfaransa, Caius, anayemtaka mtumishi wake Rugby ashike upanga ili amwonyeshe namna atakavyomwua adui yake. Na Rugby, masikini, anakiri kwamba hajui mchezo huo. Ni mwanagenzi wa pekee katika Shakespeare ambaye anasema ukweli wake kabla ya somo kuanza, na kichekesho kinamsamehe.

Msiba hausamehe, na jaribio la mwisho la mfasiri limo katika kitenzi kimoja cha mwisho wa Hamlet. Laertes amempaka sumu upanga wake, amemjeruhi Hamlet, halafu, katika purukushani, panga zinabadilisha mikono, na Hamlet anamjeruhi Laertes kwa ncha ile ile. Maelekezo ya jukwaani ni mafupi, hayasemi ilikuwaje. Lakini vitabu vya upanga vinasema. Mfaransa Henri de Saint-Didier, katika kitabu chake cha mwaka 1573, ameonyesha kwa picha jinsi mtu anavyokamata kipini cha mwenzake kwa mkono wa kushoto, na mwenzake, asiwe na la kufanya, akakamata cha kwake vile vile, kila mmoja akatoka na upanga wa mwingine. Mwanagenzi aliyefika hapo katika masomo yake hahitaji kubahatisha. Mfasiri akiandika kwamba wanabadilishana panga, msomaji wa Musoma atadhani ni adabu ya mchezo, au bahati. Akiandika kwamba wananyang'anyana, Hamlet amekwisha kutambua kwamba upanga uliomtoa damu haukuwa butu, na anautaka.