Kwadi za Unguja na macho yetu ya Boyoma

Bandugu, karibu kila mutu hapa Simi-Simi mwenye megabaiti amekwisha kuona zile video: watalii wamefunga kitambaa puani, kwadi kumi zinafuatana, vumbi, muziki, kisha bahari ya bluu. Ni Unguja. Mimi niliangalia nyingi, na nataka kuzichambua kama filamu, juu ni filamu kweli na zinatufundisha kitu.

Sifa kwanza. Kamera iliyofungwa mbele ya kwadi haijui kudanganya juu ya udongo. Acha watu, angalia njia tu. Pale ni nyekundu: wakulima wa Unguja wanaita ule udongo kinongo. Dakika mbili mbele, njia inageuka nyeupe, mawe ya matumbawe yanatokeza: huko mutu analima ndani ya vifuko vya udongo katikati ya mawe. Tofauti ile tuliisoma kwa jasho oditorio. Video inaionyesha kwa sekunde. Lakini mwenye kuikata hakuiona. Kwake ni vumbi tu.

Ubaya wao ni mwendo. Kule Paje wamama wanalima mwani. Kazi ile inafuata maji: bahari ikipwa njo wanaingia kufunga mbegu kwenye kamba, ikijaa wanatoka. Kwadi haingoji maji. Basi wamama wanapita sekunde tatu, wamegeuza mgongo, kama mapambo. Kijiji kizima hakina sauti.

Na wangesema kwa luga gani? Yetu. Kiswahili hiki kilifika Boyoma na misafara ya Unguja. Tippu Tip aliwekwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. (Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, hakuna wa kuisifu.) Lakini sisi tungemuelewa yule mama bila mutafsiri, na video imemnyang'anya maneno.

Ninasema kwa nguvu juu kuna wenzetu banasema: tulete kwadi pa kisiwa Mbiye, tupige video, watalii watakuja! Njaa ya kazi naielewa, mimi pia niko na diploma na sina biro. Ila Mbiye, kule juu ya maporomoko ya Wagenia, ina urefu wa kilometa 14 hivi, na sehemu ya pori lake inafunikwa na maji kila mwaka. Pitisha gurudumu zito juu ya udongo uliolowa: vitundu vyake vinafungwa, maji yanasimama, mizizi inakosa hewa, miche haioti. Tena watu wa makala wamekwisha kulikata pori lile vya kutosha, makala tunayopikia sisi wenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanavuka kwa pirogi, wanatembea kwa miguu, na wamejifunza mengi pale. Anayetaka haraka, huu ni muji wa toleka: velo inapita kwenye kinjia bila kukivunja.

Filamu ninayoitaka ni nyepesi kutengeneza. Mulimaji mumoja wa Mbiye katikati ya muhogo wake, kamera imesimama, anaulizwa: udongo huu munauita namna gani, na ule wa kando ya maji? Anajibu mpaka anamaliza, bila muziki. Mwenye simu ya kamera nzuri aandike hapa chini. Jembe la kuchimbia shimo nitabeba mimi.