Kizimba cha Chuma: Dhambi Isiyosameheka kwa Bunyan na kwa Hawthorne

Katika sura ya 3 ya Injili ya Marko, waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu wasema kwamba Yesu atoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Jawabu lake ni kali: dhambi zote za wanadamu zaweza kusamehewa, na kufuru zao pia, isipokuwa kumkufuru Roho Mtakatifu. Mathayo na Luka wamelipokea neno hilo, kila mmoja akaliweka mahali pake. Lakini Marko peke yake aliongeza kueleza kwa nini lilisemwa: ni kwa sababu waandishi wale walidai kwamba Yesu ana pepo mchafu. Maelezo hayo ni mafupi mno, na wasomaji wengi wameyapita kana kwamba hayapo. Yakiisha kuondolewa, hubaki hukumu isiyo na mshtakiwa, na hukumu ya namna hiyo humwendea ye yote aliye mwoga.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo la pili la kuangalia. Neno la Kiyunani lililotumiwa na Marko lina maana ya kutukana au kusingizia, nalo laweza kutumiwa hata kwa mtu kumsingizia jirani yake. Neno kufuru lilitoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kufunika na kukana. Kwa hiyo sikio la Mswahili husikia mara moja habari ya mtu aliyetoka katika dini. Ama waandishi wa Yerusalemu hawakutoka katika dini hata kidogo. Walikuwa wataalamu wa Torati, watu wa sala na kufunga, na kosa lao lilikuwa kuliona jema limetendeka mbele ya macho yao, kisha kuliita ovu. Neno hili kali, basi, halikusemwa kwa makafiri wala kwa walevi wa sokoni. Lilisemwa kwa wasomi.

Wafasiri wa kanisa hawakupatana juu yake. Agostino wa Hippo alifundisha kwamba kumkufuru Roho ni ule ugumu wa moyo usiotubu mpaka kufa. Na kwa maana hiyo hapana aliye hai awezaye kunyoshewa kidole, kwani siku zake hazijaisha. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alihesabu namna sita za dhambi juu ya Roho, na kukata tamaa ni mojawapo. Hapo pana fundo gumu. Mtu aaminiye kwamba hawezi kusamehewa hukata tamaa, na kwa kukata tamaa huikaribia dhambi ile ile anayoiogopa. Fundo hilo lilionekana wazi katika habari za Francesco Spiera, mwanasheria wa Cittadella, karibu na Padova, aliyeikana imani ya Matengenezo mbele ya mahakama ya kanisa huko Venezia mwaka 1548. Aliporudi kwao aliamini kwamba amelaaniwa, akawashinda kwa hoja wote waliokuja kumfariji, akafa kabla ya mwaka kwisha. Habari zake zilienea katika Ulaya ya Waprotestanti, na mwaka 1638 Nathaniel Bacon alizitolea kitabu cha Kiingereza. Kitabu hicho kilifika mikononi mwa kijana mmoja wa Bedford ambaye ingekuwa heri kwake asikione.

John Bunyan alizaliwa Elstow mwaka 1628, mwana wa fundi wa kuziba masufuria, naye akaishika kazi ya baba yake. Kitabu chake Grace Abounding kilitoka mwaka 1666, alipokuwa kifungoni kwa ajili ya kuhubiri bila ruhusa. Aghalabu husomwa kama ushuhuda wa mtu aliyeongoka, na wahubiri hukimbilia kurasa zake za mwisho. Huko ni kukisoma kitabu kwa haraka. Uzito wake umo katikati, pale Bunyan anaposimulia jinsi wazo la kumwuza Kristo lilivyomwandama muda wa mwaka mzima, mezani na kazini, hata asubuhi moja, akiwa kitandani, akachoka kupigana nalo, na moyoni mwake likapita neno la kumwacha Kristo aende zake kama apenda. Akahisi kwamba moyo umeridhia.

Yafaa kuuliza ni nini hasa kilichotendeka asubuhi ile. Mnunuzi hakuwapo, bei haikutajwa wala mkono haukupokea kitu. Hata sauti haikutoka kinywani. Walakini kwa wazo lile la kitambo kidogo Bunyan aliishi miaka miwili akingoja kuangamia. Alijiona kuwa ndiye Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula kimoja, na ambaye Waraka kwa Waebrania wasema kwamba hakupata nafasi ya kutubu ingawa alitafuta kwa machozi. Alipima dhambi yake na dhambi ya Daudi, na ya Petro, na ya Yuda, kama mfanyabiashara apimavyo kwa mizani, na kila mara yake ilizidi. Daudi alikosa juu ya Sheria. Yeye alikosa juu ya Mwokozi. Petro alimkana Bwana wake, lakini hakumwuza. Yuda ndiye waliyekaribiana. Kurasa hizi zachosha, na yaelekea zilikusudiwa kuchosha. Mwandishi asiyekuwa na elimu ya chuo amejenga mahakama kamili ambamo yeye ndiye mshtaki, ndiye shahidi, na ndiye hakimu, na hapana wakili.

Baadaye lipo tukio fupi ambalo ni la thamani kuliko yote. Bunyan alimwendea mzee mmoja Mkristo, akamweleza habari zake, akasema aogopa kuwa ameitenda dhambi juu ya Roho Mtakatifu. Mzee akajibu kwamba hata yeye aona hivyo. Msomaji hajui acheke au alie. Mtu aliyezama aomba kamba, naye apewa jiwe. Lakini lililo muhimu ni lile Bunyan alilofanya baada ya hapo. Alizungumza zaidi na mzee yule, akamwona kuwa ni mtu mwema ambaye hajapata kupambana sana na Shetani. Akamwacha, akarudi kumwomba Mungu. Hukumu aliyoitafuta kwa mwanadamu alikuwa amekwisha ipata, tena ilipatana na ile aliyojihukumu mwenyewe, na bado haikumshika. Spiera asingaliweza kufanya hivyo. Kwake kila mgeni alikuwa mpinzani wa kushindwa kwa hoja. Bunyan, hata katika giza, alibaki na adabu ya kudhani kwamba mzee yule aweza kuwa amekosea, na kwa hiyo labda yeye pia amekosea.

Kupona kwake kulikuja kwa njia mbili, na Bunyan mwenyewe hangependa ya pili isahaulike. Ya pili ni maneno yaliyomshukia ghafula, mara moja akipita shambani, yakamwambia kwamba haki yake iko mbinguni, haiongezwi na siku zake njema wala haipunguzwi na siku zake mbaya. Lakini ya kwanza ni kusoma. Aliziendea zile sehemu za Waebrania alizokuwa akizikwepa kama mtu akwepavyo nyumba ya adui, akazitazama maneno yaliyotangulia na yaliyofuata, akaona hazikusema alivyodhani. Katika habari ya Esau alitenga haki ya mzaliwa wa kwanza na ile baraka. Akaona pia kwamba Esau aliuza kwa kukusudia, kisha akadharau alichouza, na yeye hakupata kudharau hata dakika moja. Ufafanuzi huu waweza kubishaniwa na wataalamu wa Kiyunani. Lakini fundi wa masufuria aliirudishia hukumu mshtakiwa wake, kama vile Marko alivyofanya kwa sentensi yake moja.

Kwa sababu hiyo Safari ya Msafiri, kitabu chake cha mwaka 1678 ambacho kimefasiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, chaleta swali gumu. Katika nyumba ya Mfasiri, Mkristo aonyeshwa mtu aliyeketi gizani ndani ya kizimba cha chuma. Mtu huyo asema alikuwa muumini mzuri zamani, kisha akafuata tamaa, akamhuzunisha Roho, na sasa Mungu amemnyima toba. Mkristo auliza kama hakuna tumaini. Jibu ni hapana. Wahakiki wengi wameiona sura ya Spiera nyuma ya vyuma hivyo. Wengine wamemlaumu Bunyan kwamba, yeye aliyetoka, amemfungia mwenzake nje ya neema ili kuwatisha wasomaji.

Lawama hiyo haikuyatazama maandishi vya kutosha. Hakuna anayesema kwamba mtu huyo hasameheki ila mtu mwenyewe. Mfasiri, ambaye katika nyumba nzima hueleza kila fumbo kwa urefu, hapa hakueleza cho chote. Amemwambia Mkristo ayakumbuke mateso ya mtu huyu na kuonyeka. Kimya cha mwalimu asiyependa kunyamaza si bure. Maneno ya mfungwa, tena, ni yale yale ambayo Bunyan aliyasema juu yake mwenyewe miaka mingi kabla, nayo yalikuwa uwongo. Kiswahili chajua kwamba kizimba hufugia kuku na pia humsimamisha mshtakiwa mbele ya hakimu. Neno hilo lakifaa chumba kile kuliko neno la Kiingereza. Mbele katika safari, Mkristo mwenyewe aanguka katika ngome ya Jitu Kukata Tamaa, naye agundua kwamba ufunguo uitwao Ahadi ulikuwa kifuani mwake tangu mwanzo. Kufuli la lango la chuma ni gumu sana, lakini lafunguka. Bunyan hakusema kama ufunguo huo ungekifungua kizimba. Ila katika kitabu kimoja ameweka vyuma viwili, akaonyesha ufunguo ukifungua kimoja. Na mwaka 1688, mwaka wa kufa kwake, alitoa The Jerusalem Sinner Saved, kitabu kilichoandikwa hasa kwa ajili ya waovu kupita wote. Kumwita mtu huyu mkatili si haki.

Kwa upande wa tamthilia, Doctor Faustus ya Marlowe, aliyekufa mwaka 1593, ina jambo moja la kutajwa tu. Ilipigwa chapa mwaka 1604, kisha kwa sura nyingine mwaka 1616. Malaika mwema amwambia Faustus kwamba bado hajachelewa. Lakini chapa moja yaweka sharti kuwa aweze kutubu, na nyingine kuwa atake kutubu. Neno moja limebadilika, na kwa neno hilo theolojia nzima imegeuka. Msomaji anayetumia chapa moja bila kujua ya pili atabishana bure na mwenzake.

Nathaniel Hawthorne, wa Massachusetts katika Marekani, aliigeuza dhambi hii kwa namna nyingine kabisa katika hadithi fupi iitwayo "Ethan Brand", iliyochapishwa mwaka 1850. Brand alikuwa mchoma chokaa. Watu wa pwani wanaijua kazi hiyo, ingawa kwao huchomwa matumbawe, na kule mlimani huchomwa marumaru. Akikesha peke yake mbele ya tanuru, Brand alianza kuwaza ni dhambi gani isiyoweza kusamehewa, akaondoka kuitafuta duniani, akarudi baada ya miaka 18 na habari kwamba ameiona moyoni mwake. Dhambi yenyewe ni akili iliyokua mpaka ikaua udugu na wanadamu na heshima kwa Mungu. Alimfanya msichana mmoja, Esther, chombo cha kujaribia nafsi ya binadamu, akamharibu. Usiku ajitupa tanuruni. Asubuhi mifupa yake imekuwa chokaa nyeupe, na katikati ya mbavu pana umbo la moyo. Mchoma chokaa Bartram, akifurahi kwamba chokaa yake imeongezeka, alisukuma kwa mti wake, likavunjika vipande.

Hapa pana faida ambayo Bunyan hakuipata. Kosa la Brand lina mtu aliyeumizwa, lina jina, si wazo lililopita kitandani. Tena Brand haogopi; ajivuna. Hakuomba msamaha, na kwa hiyo hadithi hii ya Mmarekani asiye mhubiri imeangukia karibu na Agostino. Lakini pana hasara pia. Esther hatokei. Ametajwa kwa maneno machache, kama ushahidi wa jambo ambalo mwandishi amekwisha liamua, na msomaji hapewi hata sauti yake. Hawthorne, kwa kutaka kuonyesha uovu wa kumtumia mtu kwa ajili ya fikira, amemtumia Esther kwa ajili ya fikira. Aliuita utungo huu sura ya riwaya iliyoharibika kabla ya kuzaliwa, na pengine katika riwaya nzima msichana huyo angalipewa uso.

Hata hivyo pana mahali pamoja ambapo hadithi yajitoa katika kosa hilo. Miongoni mwa wanakijiji waliokuja kumtazama Brand ni mzee Humphrey, baba wa Esther, aliyemtafuta binti yake huku na huku tangu alipofuatana na watu wa sarakasi. Mzee haulizi juu ya dhambi wala juu ya Roho. Amesikia kwamba Brand ametembea dunia nzima, ataka kujua kama amemwona mwanawe, na kama alileta salamu, na atarudi lini. Brand, ambaye hakuyaogopa macho ya mtu ye yote wala moto wa tanuru, hakuweza kuyastahimili macho ya mzee huyo.