Mmomonyoko, Mporomoko na Mbuga: Istilahi za Miteremko ya Kilosa na Mikumi

Neno mmomonyoko limekwisha kuzoeleka katika maandishi yetu ya kilimo, wala hatukusudii kuling'oa. Tunalolalamikia ni mzigo liliotwishwa. Watafsiri wanaoandika juu ya milima ya Rubeho na Ukaguru, inayoikabili Kilosa, aghalabu hulitumia kwa udongo wa juu unaokwanguliwa kidogo kidogo na mvua, kwa korongo linalochimbika shambani, na hata kwa kipande kizima cha mlima kinachochomoka na kushuka bondeni. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Maji yanayokwangua uso wa shamba yaweza kupunguzwa mwendo kwa matuta. Lakini penye mteremko mkali, ambapo udongo umeulalia mwamba, tuta lisilopangwa vema huyatuamisha maji. Yakazama, udongo ukalowa, ukawa mzito, ukateleza. Katika mkoa uo huo wa Morogoro, huko Mgeta, miteremko ya magharibi ya Uluguru, mvua kubwa ya Februari 1970 ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000, mengi mno mashambani na penye nyasi, machache sana msituni. Na matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba, yakazusha ghasia mwaka 1955, yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima anayesoma "zuia mmomonyoko kwa matuta" ana haki ya kuuliza: mmomonyoko upi?

Kwa maoni yetu, mmomonyoko ubaki kwa udongo unaochukuliwa na maji au upepo. Korongo liitwe korongo. Na ardhi inayochomoka iitwe mporomoko wa ardhi. Wako watakaosema kwamba maporomoko ni ya maji. Ni kweli, lakini kuongeza "ya ardhi" kunatosha, na wananchi wamekwisha kusema hivyo bila kutungojea. Afisa anayeandika juu ya mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu tuta la reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi, hana budi kueleza mashapo yanayoujaza mto yametoka wapi na kwa njia gani.

Kosa jingine ni kuandika mimea panapotakiwa uoto. Mhindi ni mmea. Aliyekata miombo mlimani akapanda mahindi ametii barua inayomwagiza "kutunza mimea katika mteremko". Uoto ni vazi zima la ardhi: miti, vichaka, nyasi, na mizizi inayoshikamana chini.

Tukishuka tambarare twakutana na mbuga. Wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilichukua neno hili kwa bonde la udongo mzito mweusi unaotuamisha maji. Siku hizi wengi hulielewa kuwa mahali pa wanyama tu. Katika mazungumzo hatuoni dhara. Katika hati ya kitaalamu lipo, kwa maana eneo la Mikumi lililohifadhiwa tangu 1964 lina vilima vyenye miombo pia, na hivyo si mbuga. Tuandike Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na mbuga tuiachie tambarare ya Mkata, ambako udongo mweusi huvimba masika na kupasuka nyufa kiangazi.