Kiss the Ground: udongo una uhai, lakini hauna miujiza

Kama bado hujaitazama Kiss the Ground, itazame. Ni filamu ya makala ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Josh Tickell na Rebecca Harrell Tickell, na msimulizi wake ni mwigizaji Woody Harrelson. Ina mazuri mengi, na ina ahadi moja inayonikera.

Tuanze na mazuri. Mtaalamu Ray Archuleta anatumbukiza udongo wa aina mbili kwenye maji. Bonge la shamba linalotifuliwa linasambaratika palepale. La shamba lisilotifuliwa linabaki zima. Huhitaji digrii kuelewa. Kinacholishikilia ni gundi ya bakteria na kuvu, ambao hulishwa sukari na mizizi ya mimea hai. Ukiuacha udongo uchi na kuuvuruga kila msimu, unawanyima chakula na kuwabomolea nyumba.

Tatizo ni pale filamu inaporuka kutoka hapo hadi kudai kwamba udongo unaweza kurudisha nyuma mabadiliko ya tabianchi. Polepole, jamani! Kwanza, udongo si gunia lisilojaa: kaboni huongezeka kwa miaka kadhaa, kisha kinachoingia na kinachotoka hulingana. Pili, ukirudia kutifua, kaboni hiyo huanza kurudi hewani. Tatu, kuna naitrojeni. Mboji ya udongoni ina takribani kilo 1 ya naitrojeni kwa kila kilo 12 za kaboni. Yaani kuhifadhi tani 1 ya kaboni kunadai kilo 80 na ushee za naitrojeni. Itoke wapi? Mikunde, samadi au mbolea ya dukani, na kila njia ina gharama yake.

Halafu kuna suala la mabua. Gabe Brown, mkulima wa North Dakota anayesifiwa humo, ana maelfu ya ekari. Kuyaacha mabua yafunike ardhi kwake ni rahisi. Kwa mkulima wa Dodoma mwenye ekari 2 na ng'ombe wawili, mabua hayohayo ndiyo malisho ya kiangazi.

Kwa nini nalalamika, wakati filamu iko upande wetu? Kwa sababu udongo unaoshika maji na kupunguza mmomonyoko ni faida tosha kwa mkulima. Tukimuuzia wokovu wa dunia nzima, siku hesabu ya kaboni ikigoma atatupilia mbali hata yale yaliyokuwa kweli.